Kazi zisizoingia kwenye tathmini: mwongozo kamili wa kuacha mazoea yanayomkwamisha mwanamke ofisini

Kila ofisi ina mwanamke ambaye bila yeye mambo hayaendi. Anajua nani amefiwa, stoo zimebaki karatasi ngapi, na kikao cha mwezi uliopita kiliazimia nini. Vyeo vikitangazwa anapanda mwingine, na yeye ndiye anayeagiza keki ya kumpongeza. Uwezo anao na bidii anayo. Tatizo ni kwamba muda wake umeliwa na kazi ambazo hazina mstari kwenye fomu ya tathmini, na zile zenye mstari alizifanya bila kuziandika popote.

Mwongozo huu ni wa mwajiriwa wa Tanzania Bara, awe benki, kampuni binafsi, shirika au halmashauri. Mengi yatamfaa pia aliyeko Nairobi au Mombasa, ila sheria na makato ya mshahara yanayotajwa hapa ni ya Tanzania. Na tuelewane mapema: mazoea haya hayakuzuka kwa ujinga. Mwanamke akikataa kuandika muhtasari wa kikao anaitwa jeuri. Mwanaume akikataa, inasemwa ana kazi nyingi. Ndiyo maana ushauri wa "jiamini, dada" haufiki mbali. Kinachosaidia ni utaratibu: maneno ya kusema, tarehe, karatasi na zamu, vitu vinavyokutoa kwenye kazi hizo bila wewe kuonekana umegoma.

Kabla ya kuanza, kusanya karatasi nne: mkataba au barua ya ajira, maelezo ya kazi yako, fomu ya tathmini ya mwaka uliopita, na malengo ya idara ya mwaka huu. Kama maelezo ya kazi hukuwahi kupewa, yaombe kwa HR kwa barua pepe. Kifungu cha 15 cha Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 kinamtaka mwajiri akupe kwa maandishi, kwa hiyo huombi hisani ya mtu.

Pima kwanza, wiki mbili

Chukua daftari au faili la Excel, weka safu tano: tarehe, kazi, aliyeomba, dakika, alama. Alama ni tatu tu. P ni kazi inayopandisha, yaani imo kwenye malengo yako au ya idara, na bosi wa bosi wako ataisikia. L ni ya lazima ya kila siku: kujibu wateja, kupitisha malipo, kujaza ripoti. H ni ya hisani: ikifanywa hakuna anayeiona, isipofanywa ndipo watu wanaanza kuulizana.

Andika papo hapo. Ukingoja jioni, za hisani ndizo zitakazosahaulika kwanza, maana kila moja ni ya dakika 10 na zinapita katikati ya kazi nyingine.

Muhtasari wa kikao peke yake unatosha kuonyesha muda unavyopotea. Kikao ni cha dakika 90, na wengi huhesabu hizo tu. Ongeza dakika 60 za kusafisha maandishi, 20 za kumkumbusha mtu atume takwimu zake, 30 za kuingiza masahihisho na 10 za kusambaza. Zimekuwa dakika 210, saa tatu na nusu. Na katika zile 90 za mwanzo hukuchangia hoja hata moja, kwa sababu anayeandika hawezi kubishana.

Mwisho wa wiki ya pili, jumlisha kila alama. Tuseme H zimekula saa 6 kwa wiki. Ukiondoa likizo na sikukuu, mwaka una takribani wiki 46 za kazi. Saa 6 mara 46 ni saa 276. Gawa kwa 45, ambazo ndizo saa za kawaida za wiki ambazo sheria hairuhusu kuzivuka bila malipo ya ziada, unapata zaidi ya wiki sita. Mwenzako wa meza ya jirani amekuzidi mwezi mmoja na nusu wa kufanya kazi zenye mstari kwenye tathmini, kila mwaka.

Lengo ni kuzishusha H hadi asilimia 5 hivi ya muda wako, saa mbili na robo katika wiki ya saa 45. Usilenge sifuri. Huku kwetu mtu asiyenyanyua hata kikombe siku ya msiba wa ofisi hasahauliki, na hilo nalo litamfuata kwenye kupandishwa cheo.

Kosa la kawaida hapa ni kuipa kazi alama ya P kwa sababu tu imekuchosha. Jiulize: ningeitaja kwenye usaili? Kama hapana, ni L au H, hata kama ilikulaza ofisini.

Kuziachia kazi za hisani

Watafiti Linda Babcock, Lise Vesterlund na wenzao walichapisha mwaka 2017, katika jarida la American Economic Review, majaribio yaliyofanyika Marekani kuhusu kazi za namna hii. Katika makundi yenye wanaume na wanawake, wanawake walijitolea kwa asilimia 48 zaidi ya wanaume. Jaribio lilipofanywa kwa makundi ya wanaume watupu, wanaume walijitolea vizuri tu, sawa na wanawake katika makundi ya wanawake watupu. Pia wasimamizi walipopewa nafasi ya kumchagua wa kumwomba, wanawake waliombwa zaidi, na wasimamizi wanawake nao walifanya vivyo hivyo. Kwa hiyo hapa hatuzungumzii tabia ya kuzaliwa nayo. Kila mtu kwenye chumba anajua nani atainua mkono, naye anamngoja.

Hatua ya kwanza basi ni kutoinua mkono. Mwenyekiti akiuliza "nani atatuandikia?", kutakuwa na kimya cha sekunde kama kumi, na sekunde hizo ni ndefu. Angalia karatasi zako. Usimtazame mwenyekiti usoni na usicheke kwa aibu. Mara nyingi atataja jina. Akitaja lako, unayo majibu yasiyovunja heshima:

"Sawa mkuu. Ila leo nawasilisha taarifa ya mikopo, sitaweza kuandika na kuwasilisha. Naomba mwenzetu wa uendeshaji aandike, mimi nitachukua kikao kijacho."

"Niliandika vikao viwili vilivyopita. Napendekeza tuweke zamu kuanzia leo, kwa herufi za majina."

Jibu la pili ndilo lenye nguvu, kwa kuwa linabadilisha utaratibu badala ya kukuokoa siku moja. Lakini zamu nyingi hufa ndani ya wiki tatu, na sababu ni zile zile. Zamu haikuandikwa majina na tarehe. Au aliyeileta ndiye aliyeachiwa kuisimamia, hivyo akabaki kuwakumbusha watu wazima kila Jumatatu, na hiyo nayo ni kazi ya hisani. Zamu inayodumu ni karatasi moja ya miezi mitatu, yenye jina la mtu mbele ya kila tarehe, iliyotumwa na mwenyekiti mwenyewe na si wewe, na yenye sheria moja: mwenye zamu akipata udhuru, yeye ndiye anayetafuta wa kumbadili.

Kisha utafika mtihani wa kweli. Mwenzako wa kiume ataandika muhtasari mbovu, nusu ukurasa, maazimio hayana majina. Mkono utakuwasha uusahihishe. Usiusahihishe. Jibu barua pepe kwa wote: "Asante kwa muhtasari. Azimio la 3 na la 5 hayana mhusika wala tarehe, naomba uyakamilishe." Ukishauandika upya hata mara moja, umerudishiwa kazi moja kwa moja, na safari hii kwa sababu nzuri zaidi: "wewe unaandika vizuri."

Michango ina undani wake. Arusi, msiba, kuzaa, kustaafu: mweka hazina karibu kila mara ni dada fulani, na fedha zinaingia kwenye namba yake ya simu. Hapo pana hasara tatu. Makato ya kutoa fedha anayabeba yeye. Waliokawia anawafidia kutoka mfukoni ili bahasha isiaibike. Na siku hesabu zikipishana kwa elfu ishirini, linalochafuka ni jina lake, jina lile lile litakalotajwa kwenye kikao cha kupandisha vyeo. Ukiwa ndani ya kazi hiyo, toka hivi:

1. Tangaza mwisho wako kabla ya tukio linalofuata: "Nimeshika mfuko tangu Januari. Nitakabidhi tarehe 30 Juni."
2. Funga hesabu kwa ukurasa mmoja: kilichoingia, kilichotoka, kilichobaki, na majina ya wanaodaiwa. Tuma kwenye kundi la WhatsApp la ofisi.
3. Pendekeza kipindi cha miezi sita kwa kila mweka hazina, na fedha ziwekwe mahali penye watu wawili wa kuidhinisha.
4. Kabidhi siku uliyoitaja, hata kama mrithi hajapatikana. Mrithi hapatikani mpaka kiti kiwe wazi.

Endelea kuchangia na kwenda mazikoni. Unachokabidhi ni daftari.

Njia nyingine ni kubadilishana. Bosi anapokupa kazi ya hisani ambayo kweli haikwepeki, kwa mfano kuandaa mkutano mkuu wa mwaka, ikubali pamoja na kitu: "Nitaandaa mkutano. Naomba basi niwe ndiye ninayewasilisha matokeo ya idara siku hiyo." Omba wakati ule ule unapokubali. Ukiomba wiki ijayo utakuwa unaomba fadhila.

Kikaoni

Heshima ya Kiswahili haikuzuii kupanda. Mwamkie mkubwa shikamoo, sema "naomba", sema "mwenyekiti". Vinavyokuponza ni vile vipunguza uzito tunavyovitanguliza kabla ya hoja: "samahani, naomba niseme kidogo tu", "sijui kama nimeelewa vizuri", "labda ni wazo la kijinga". Ukisema hivyo umewaambia wasikilizaji waendelee na simu zao. Badala yake anza na idadi: "Mwenyekiti, nina hoja mbili." Ukishataja idadi, anayekukatiza baada ya ya kwanza anaonekana na wote kuwa amekatiza.

Akikukatiza: "Nimalizie, nimebakiza moja." Sauti ile ile, bila kuipandisha, kisha endelea pale pale ulipoishia. Usirudie kuanzia mwanzo.

Jaribu kusema jambo ndani ya dakika 15 za kwanza, hata swali fupi. Kadiri unavyokaa kimya ndivyo sentensi ya kwanza inavyokuwa nzito, na ukifika saa nzima utajishawishi kwamba yote yameshasemwa. Kwa kikao muhimu, mpigie mwenyekiti siku moja kabla uombe hoja yako iingie kwenye ajenda kwa jina lako. Hoja iliyochapwa kwenye ajenda ni ngumu kuibwa.

Zikiibwa, na zitaibwa, kwa maana unasema jambo saa nne linapita kimya, saa tano mwingine analirudia na meza nzima inatikisa kichwa, usinung'unike kwenye korido. Sema pale pale: "Nashukuru kwa kuliunga mkono pendekezo langu la kufunga oda saa nane. Hatua inayofuata nimeiandaa, nitaituma leo." Kisha itume kweli, siku hiyo hiyo, kwa wote waliokuwepo. Anayetuma mpango wa utekelezaji ndiye anayebaki na jambo. Inasaidia pia kupatana na mwenzako mmoja kabla, mwanamke au mwanaume, kila mmoja amtaje mwenzake: "kama alivyosema afisa wa ukaguzi dakika chache zilizopita…"

Ijumaa dakika 15: daftari la matokeo

Watu wengi hujaza fomu ya tathmini kwa kumbukumbu, na kumbukumbu ya mwaka mzima ni wiki sita za mwisho. Weka miadi na wewe mwenyewe kila Ijumaa kabla ya kufunga kompyuta, uandike mistari mitatu hadi mitano. Kila mstari uwe na vitu vinne: ulichofanya, kiasi, kilichobadilika, ushahidi ulipo.

Mstari dhaifu: "Tulisaidia kuboresha ufungaji wa hesabu za mwezi."

Mstari wenye uzito: "Nimeshusha ufungaji wa hesabu za mwezi kutoka siku 9 hadi 5 kuanzia Machi, kwa kuhamisha ulinganisho wa benki kutoka mwisho wa mwezi hadi kila wiki. Ushahidi: barua pepe za mkuu wa fedha za 6 Aprili na 7 Mei."

Tazama ile "tu" ya mwanzo. Kusema "tulifanya" ni adabu nzuri ukiwa unashukuru timu. Kwenye tathmini inakufuta. Andika "niliongoza", "nilibuni", "nilihakiki" pale ulipofanya hivyo kweli, na timu uitaje kwa kazi yake.

Kama kazi haina namba, tafuta kipimo cha kabla na baada: malalamiko mangapi kwa mwezi, faili ngapi zimekwama, mteja anangoja dakika ngapi, hoja ngapi za ukaguzi zimefungwa. Mwalimu, muuguzi, afisa ustawi, wote wana kitu cha kuhesabu. Kipime kabla hujaanza kubadilisha chochote, kwani namba ya "kabla" hairudi.

Kwa mtumishi wa umma daftari hili ndilo linalolisha PEPMIS, mfumo wa serikali wa kupima utendaji kazi uliochukua nafasi ya OPRAS. Kazi uliyopewa kwa mdomo na haimo kwenye mfumo haina mtu. Iingize siku ile unapoagizwa na umwombe msimamizi aipitishe. Ukisubiri Juni, mwaka wa fedha unaisha na msimamizi ana watu ishirini wa kuwapitishia. Utagundua pia jambo zuri: kazi nyingi za hisani hazina pa kuingizwa. Hiyo ni sababu ya heshima kabisa ya kumuuliza bosi, "hii niiweke chini ya lengo lipi?"

Nakala ya daftari iwe kwako, nje ya kompyuta ya ofisi. Matokeo yako ni yako. Taarifa za wateja, mikataba na orodha za mishahara ziache zilipo. Kutoka nazo ni kosa linaloweza kukufukuzisha kazi.

Kuomba cheo na mshahara

Wengi huomba siku ya tathmini. Wamechelewa. Siku hiyo bosi anagawa kilichokwishapangwa. Serikali na mashirika mengi ya umma mwaka wa fedha unaanza 1 Julai. Kampuni zenye mwaka wa Januari hadi Desemba mara nyingi huandaa bajeti kati ya Septemba na Novemba. Ongea miezi miwili hadi mitatu kabla bajeti haijafungwa, ili jina lako liwe ndani ya hesabu wakati zinapigwa.

Omba kikao cha dakika 30, kwa ajili ya jambo hilo tu. Usilipachike mwishoni mwa kikao kingine. Nenda na ukurasa mmoja: matokeo matano kutoka kwenye daftari, cheo unachokitaka kwa jina lake, na majukumu ya cheo hicho unayoyafanya tayari. Maneno yawe mafupi: "Nataka nafasi ya afisa mwandamizi katika bajeti ijayo. Haya ndiyo niliyofanya. Kuna kitu gani kinakosekana ili unipendekeze?" Halafu nyamaza. Jibu lolote atakalotoa, mwandikie siku hiyo hiyo: "Asante kwa mazungumzo. Nimeelewa kwamba kinachobaki ni mambo mawili, haya…, na tutakutana tena 15 Septemba." Barua pepe hiyo ndiyo ahadi. Isipokuwepo, Septemba atakuwa na sababu mpya.

Mshahara jadili kwa kiasi ghafi, lakini ujue kitakachobaki mkononi. Tuseme mshahara wako, ukishatoa mchango wa hifadhi ya jamii, umeshavuka shilingi 1,000,000 kwa mwezi na umepewa nyongeza ya 400,000. Kama uko sekta binafsi, mchango wako wa NSSF (mfuko wa hifadhi ya jamii) wa asilimia 10 unaondoa 40,000. Kiasi kinachobaki, 360,000, kinakatwa kodi ya asilimia 30, sawa na 108,000. Umebaki na 252,000. Ukiwa bado unalipa mkopo wa elimu ya juu kwa asilimia 15, zinaondoka 60,000 nyingine, unabaki na 192,000. Anayefurahia "laki nne" bila hesabu hii huacha kuuliza kuhusu usafiri, bima ya familia na ada ya mafunzo, ambavyo huenda vingemfaa zaidi.

Kukaimu ni mtego wenye sura ya heshima. Bosi ameondoka, unaambiwa "shikilia kidogo". Mwaka unapita, analetwa mtu kutoka nje, wewe unamfundisha kazi. Kubali kukaimu, maana ni P kubwa, ila kwa barua yenye mambo manne: tarehe ya kuanza, tarehe ya mwisho, posho, na nini kitafuata. Barua ikichelewa wiki mbili, iandike mwenyewe kwa adabu: "Kwa maelekezo yako ya tarehe 3, ninakaimu nafasi ya… Naomba barua rasmi na utaratibu wa posho." Mtumishi wa umma asome Kanuni za Kudumu za Utumishi wa Umma za 2009 kuhusu kukaimu, asitegemee kuelezwa.

Kuhusu matangazo ya kazi, kuna ushauri unaozunguka mtandaoni kwamba uombe hata kama umetimiza nusu ya vigezo. Kwa nafasi za utumishi wa umma zinazopitia Sekretarieti ya Ajira huo ni upotevu wa muda: kigezo cha lazima kikikosekana, jina linachujwa. Gawa tangazo mara mbili. Upande mmoja vya lazima: shahada, usajili wa bodi kama NBAA (wahasibu) au ERB (wahandisi), miaka ya uzoefu. Upande wa pili vile vya "itakuwa sifa ya ziada". Ukitimiza vyote vya upande wa kwanza, omba, hata kama wa pili huna kimoja. Kosa tunaloliona kwa wanawake wengi ni kuzipa sifa za ziada uzito wa sheria.

Safari na huruma

Kuna kunyimwa kunakokuja kwa sura ya wema. Safari ya Mbeya siku tano inatolewa kwa kijana wa kiume, "yule ana mtoto mdogo, tumwonee huruma." Hakuna aliyekuuliza. Safari hizo ndizo zinazokutanisha mtu na wakurugenzi wa kanda, na posho yake nayo si haba. Sema mapema, kwa maandishi, mwanzoni mwa robo mwaka: "Niko tayari kusafiri. Nikipata taarifa siku saba kabla, naweza kupanga nyumbani." Ukiwa kweli huwezi kwa kipindi fulani, taja mwisho wake: "hadi Agosti". Udhuru usio na tarehe huchukuliwa kuwa wa kudumu.

Vivyo hivyo na mazungumzo ya baada ya kazi yanayofanyikia kwenye mpira na nyama choma. Huna haja ya kukesha huko. Chakula cha mchana na mtu mmoja wa idara nyingine mara mbili kwa mwezi kinatosha, ukienda na swali la kazi. Vyama vya taaluma vinasaidia, na Chama cha Waajiri Tanzania (ATE) kina programu ya Mwanamke Kiongozi ambayo waajiri hupeleka wanawake wao. Muulize HR kama ofisi yenu inashiriki.

Likizo ya uzazi bila kupoteza kiti

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini inatoa siku 84 za likizo ya uzazi yenye malipo, au 100 ukijifungua zaidi ya mtoto mmoja kwa mpigo. Ni siku za kalenda: ukianza 1 Machi, ya 84 ni 23 Mei. Mpe mwajiri taarifa angalau miezi mitatu kabla ya tarehe unayotarajia kujifungua, pamoja na cheti cha daktari. Ukirudi una haki ya kurejea kwa masharti yale yale, na ya hadi saa mbili kwa siku za kunyonyesha ndani ya muda wa kazi.

Kinachopotea hakipotei kisheria, kinapotea kwa makabidhiano. Anayeondoka husema "nimemwachia mwenzangu kila kitu", na akirudi kila kitu ni cha mwenzake. Andika waraka wa kurasa mbili: kila mradi, ulipofikia, anayeushika "kwa muda hadi 23 Mei", na maamuzi yanayokungoja. Omba tathmini yako ifanyike kabla hujaondoka, kwa miezi uliyofanya kazi. Ikifanywa ukiwa nyumbani utapewa alama ya katikati na mtu asiyekumbuka. Panga kabisa kikao cha siku ya kwanza ya kurudi, kiwe kwenye kalenda ya bosi.

Na usifanye kazi kwa WhatsApp ukiwa likizo. Wanaokujibisha maswali ya stoo ukiwa na mtoto wa siku 20 hawataihesabu kazi hiyo popote.

Pale tatizo si mazoea

Baadhi ya mambo hayatibiwi kwa zamu wala daftari. Kifungu cha 7 cha Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini kinakataza ubaguzi kwa misingi ya jinsia, ujauzito, ndoa na majukumu ya familia, na kinataka malipo sawa kwa kazi ya thamani sawa. Ukiwa sekta binafsi na ukaachishwa kazi isivyo halali, una siku 30 za kufungua shauri Tume ya Usuluhishi na Uamuzi (CMA). Migogoro mingine siku 60. Siku hizo hupita wakati bado unaongea na HR, kwa hiyo hesabu kuanzia tarehe ya tukio. Anayetaka ngono ili akupandishe cheo anatenda kosa chini ya kifungu cha 25 cha Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya 2007. TAKUKURU hupokea taarifa kwa namba 113 bila malipo. Hifadhi ujumbe ulivyo, na usifute hata ule uliojibu wewe.

Na kama umepita mizunguko miwili ya bajeti, ahadi zimeandikwa, matokeo yapo na jina lako halijapanda, anza kutafuta kwingine ukiwa bado kazini. Anayelipwa kwa mwezi hutoa notisi isiyopungua siku 28, isipokuwa mkataba umesema zaidi. Siku ya kuondoka dai hati ya utumishi, na kabla hujaisaini mapokezi isome: je, cheo kilichoandikwa ni ulichokuwa nacho mwisho? Na kipindi cha kukaimu, kimetajwa kwa tarehe zake? Kama hakimo, toa ile barua ya kukaimu, waonyeshe, waichape upya kabla hujatoka getini.